Hosea Tidmore na Piano Iliyokatazwa Kuguswa

Kwa miaka thelathini na minane, hakuna piano katika wilaya tatu za kaskazini mwa Alabama iliyosema jambo ambalo Hosea Tidmore hakuliruhusu. Piano za makanisani, za shuleni, za vilabu vya vichochoroni ambako watu walicheza bluzi mpaka mbao za sakafu zikalegea, na za sebule za wazungu waliompitisha mlango wa jikoni, zote zilipita mikononi mwake. Alipata upofu akiwa na miaka minne, kwa surua. Shule ya vipofu ya watu weusi ilimfundisha kazi mbili, kusuka viti na kutuni piano, yaani kuzikaza nyuzi zake mpaka kila sauti ikae mahali pake. Ile ya viti aliidharau tangu mwanzo. "Kiti hata mwenye macho anaweza kukisuka," alikuwa akisema.

Alikuwa na majivuno, na sitamvika kilemba cha ukoka eti kwa sababu ameshatangulia. Mke wa mchungaji wa kanisa la Mlima Nebo alipomlalamikia kwamba piano inamharibia wimbo, Hosea alipiga sauti tatu, akasikiliza, akafunga mkoba wake. "Mama mchungaji," akasema, "piano haina kosa. Tafuta kwingine." Maneno hayo yalizunguka mji wa Sheffield kabla jua halijatua, na mama yule hakumpa mkono kwa miaka sita. Hata hivyo kila mwaka alimwita tena, maana angemwita nani mwingine?

Mwaka 1969, katika kanisa la Wamethodisti, Hosea aligonga kibonyezo cha mwisho kabisa upande wa kulia, akasikia mbao. Nyundo ilikuwa imegonga waya, mkono wake ulihisi hivyo, lakini sauti haikuja. Tok, basi. Akagonga kilichofuata. Tok. Akarudi kushoto kimoja kimoja, na cha kwanza alichokisikia vizuri kilikuwa cha kumi na tano. Mtu aliyetumia maisha yake kugonga nyuzi za chuma karibu na sikio hana wa kumlaumu. Alikaa kwenye benchi la kanisa mpaka mkewe Verdell alipokuja kumchukua, na alimwambia yeye peke yake.

Verdell hakulia. Aliuliza nani mwingine anajua, akaambiwa hakuna. Kuanzia wiki hiyo aliacha kufulia watu siku za kazi ya mumewe, akawa anaongozana naye na kikapu chake cha kufuma, anaketi upande wa kulia wa piano. Hosea alipofika kwenye nyuzi za juu, Verdell alimgusa bega. Mara moja, pandisha. Mara mbili, shusha. Akiweka kiganja na kukiacha palepale, imefika. Watu wakasema, tazameni wazee wale wanavyopendana. Walisema kweli, ila hawakujua nusu yake.

Verdell alifariki Novemba 1970. Moyo ulisimama akiwa anaanika shuka.

Kwa miezi saba Hosea hakwenda kazini. Majirani walileta kuku wa kukaanga, mboga za majani zilizopikwa na nyama ya nguruwe, mikate ya mahindi, wakamwacha na huzuni yake kwa heshima. Huzuni ilikuwepo, tena ya kukata maini. Lakini chini ya huzuni palikuwa na hofu, na hiyo hakumwambia hata binti yake Lunette, aliyekuwa akiishi naye na kufanya kazi jikoni mwa hospitali. Bila kiganja cha Verdell begani, Hosea hakuwa fundi. Siku watu watakapojua atakuwa kipofu kama vipofu wengine, mzee wa kusogezewa kiti na kukatiwa nyama. Hilo aliliogopa kuliko kaburi.

Ilipofika Juni akapiga moyo konde. Angejijaribu peke yake, mahali pasipo na mtu, na mahali hapo alipajua. Mjini kulikuwa na studio ya kurekodia muziki, katika jengo lililokuwa zamani duka la chakula cha ng'ombe. Hosea alikuwa na ufunguo wake. Kabla ya msiba, kila Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi aliituni piano yao kukiwa kimya kabisa, kwa sababu wanamuziki huamka adhuhuri. Akifaulu, atarudi makanisani. Akishindwa, hakuna aliyeona. Hakumpigia mtu simu kusema anakuja.

Lunette alimshusha mlangoni akaondoka na gari kuwahi zamu. Ndani kulinuka majivu ya sigara na nyaya zilizopata moto. Hosea alipapasa mpaka kwenye piano, akakuta karatasi imebandikwa pale pa kuwekea nota, karatasi kubwa, ngumu. Akadhani ni orodha ya nyimbo. Akaibandua taratibu isichanike, akaikunja mara nne, akaiweka juu ya kiti palipo salama.

Kisha akagonga sauti ya kwanza, akashtuka. Piano ilikuwa imeshuka vibaya. Miezi saba ya baridi na unyevu wa mto ilikuwa imelegeza nyuzi, kila mmoja kwa namna yake, huu kidogo, huu mno. Ilimuuma kama mzazi anayemkuta mwanawe barabarani pekupeku. Akatoa spana yake, akatoa na kile chuma cha pembe mbili kinachotoa sauti moja isiyobadilika, akakigonga gotini, akaanza. Alifanya kazi kwa saa tatu nzima. Zile sauti kumi na nne za juu alizivuta kwa kukisia, akiuamini mkono. Alipomaliza alipiga ubeti wa wimbo wa kanisani, chini na katikati tu, na piano ikaimba kama imetoka dukani. Alikwenda nyumbani kwa miguu, mitaa minane, fimbo mkononi, akipiga mluzi. Tangu Novemba hakuwa amepiga mluzi.

Saa nane mchana mtu alipanda ngazi za baraza lake, akipumzika kwenye kila ngazi. Hosea alimjua kwa pumzi kabla hajasema neno. Alikuwa Cleophus Rudd, mpiga piano wa bluzi, rafiki yake tangu mwaka 1932. Kwa miaka mingi Hosea alituni piano za vilabuni Alhamisi, na Cleophus akaziharibu Jumamosi. Ndivyo walivyokuwa wakitaniana. Sasa mapafu ya Cleophus yalikuwa yamekwisha. Jumapili angepanda basi kwenda Detroit kwa dada yake, ambako hospitali ilikuwa imemwekea kitanda. Wote wawili walijua hatarudi, na hakuna aliyelisema.

"Hosea."

"Cleophus. Keti kabla hujaanguka, sina nguvu ya kukuokota."

"Siketi. Nimekuja kukuuliza. Bibi yangu, mzaa mama, unamkumbuka?"

"Nitamsahau vipi? Alinikemea zaidi ya mama yangu."

"Na kile kikaango chake cha chuma unakikumbuka? Cheusi, mafuta ya miaka hamsini yameingia ndani, mkate wa mahindi unateleza wenyewe. Unakumbuka siku mke wa kaka yangu alipokiosha kwa sabuni?"

"Bibi hakuzungumza naye mpaka Pasaka."

"Basi ndugu yangu, leo asubuhi umekiosha kikaango changu. Umekiosha mpaka kinang'aa."

"Piano ya studio?"

"Piano ya studio. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Ni Alhamisi."

Ndipo Cleophus akaketi, akaeleza. Wiki mbili nyuma walikuja vijana wanne wazungu kutoka Birmingham, si hii yetu ya hapa Alabama, ile ya Uingereza. Ni bendi ya roki yenye jina kubwa huko kwao, lakini wamekulia kwenye santuri za bluzi za watu wetu, na mojawapo ilikuwa ya Cleophus, aliyoirekodi mwaka 1948 akaisahau. Walitaka albamu yao itengenezwe huku, kando ya mto Tennessee, na mzee huyo akae kwenye piano. Siku ya kwanza kiongozi wao, Alan Thrupp, mwimbaji na mpiga gita, aliposikia ile piano iliyolegea, alisimamisha kila mtu. Akasema sauti hiyo ndiyo aliyoitafuta tangu utotoni, sauti ya kitu kilichochoka na kinachokataa kufa. Gita zote zikashushwa zifuate piano. Nyimbo nane zikarekodiwa hivyo. Na mtu asije akaharibu, fundi mitambo wa studio, Dwight Cagle, akaandika kwa herufi kubwa kwamba piano hii isiguswe na mtu yeyote.

"Wakabandika karatasi," Cleophus alisema. "Sasa karatasi ya nani? Mji mzima una mtu mmoja tu wa kuigusa piano ile, na mtu mwenyewe hasomi! Wazungu wana akili jamani, lakini Mungu huwa anazipumzisha."

"Niliikunja vizuri," Hosea alisema. "Mara nne."

Cleophus akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikakaa mpaka Hosea akasimama kutafuta maji.

Akinywa, Cleophus alieleza lililobaki. Wimbo wa tisa, wa mwisho, ulikuwa wa taratibu na mrefu, dakika tisa. Walikuwa wameurekodi Jumatano mara moja tu, na kila aliyekuwepo alijua kwamba hautapigwa tena namna ile. Ila dakika ya saba kikohozi kilimkamata Cleophus, akaacha kupiga. Wale vijana wakaendelea bila yeye mpaka mwisho. Si kitu, walisema, kila chombo kina njia yake kwenye utepe, mzee atapumzika, Alhamisi ataupiga ule mwisho peke yake na wataubandika. Leo adhuhuri alikaa, akagonga sauti ya kwanza juu ya utepe wa jana, na chumba kizima kikakunja uso. Dwight alijaribu kubadilisha mwendo wa mashine. Sauti za katikati zikakubali, nyingine zikakimbia, kwa sababu piano haikuwa imeshuka sawasawa.

"Wanasema tuurudie wote. Dakika tisa, Hosea. Sina dakika tisa tena kifuani. Ninazo mbili."

"Nitairudisha ilivyokuwa."

"Unaweza?"

"Mkono unakumbuka ulipogeuza."

Cleophus alinyanyuka kwa shida. Alipofika ngazini aligeuka. "Halafu kule juu sijui ulikuwa na haraka gani. Hata kwa piano mpya si kwenyewe. Hakufanani na wewe."

Hosea alibaki barazani mpaka Lunette aliporudi kutoka kazini, na alipoulizwa ana nini alisema joto. Alikuwa amejijaribu, na jibu lilikuwa limemfuata mpaka mlangoni kwake.

Ijumaa asubuhi studio ilikuwa na watu watatu wanaomngoja: Cleophus, Dwight na Alan Thrupp. Wenzake Alan walikuwa wameambiwa wabaki hotelini. Dwight aliomba radhi kwa ile karatasi, sauti yake imejaa haya, na Hosea akamwambia yaishe, karatasi ilikuwa nzuri. Kisha akavua koti, akaomba utepe upigwe.

Sijui kama mtu asiye fundi anaweza kuelewa alichokifanya asubuhi ile. Maisha yake yote alikuwa amevuta nyuzi kuelekea mahali pamoja, pale pa haki. Sasa ilimbidi achukue uzi uliokaa sawa, aulegeze, na si kuulegeza hovyo, bali aurudishe kwenye kosa lake mwenyewe, lilelile na si lingine. Alisikiliza utepe, akasimamisha, akaweka spana juu ya msumari unaokaza uzi, akageuza kiasi ambacho jicho lisingekiona. Mkono ulikuwa unakumbuka kweli. Huu niliuvuta sana. Huu kidogo tu. Mara mbili alisimamisha kazi akafuta uso kwa leso, na Alan Thrupp akadhani ni jasho.

Ilipofika saa saba mchana alikuwa amemaliza sehemu ya chini na ya katikati. Cleophus akapitisha vidole, na ile sauti ya kale ikatoka, imechoka, imepinda, ina uchungu.

"Haya!" Alan alisema. "Ndiyo hiyo. Ndiyo hiyo hasa. Mzee, umebakiza juu tu?"

"Juu tu," Hosea alisema.

Na juu ndiko wimbo ulikoishia. Cleophus alikuwa amewaeleza tangu mwanzo: gita litanyamaza, ngoma itanyamaza, mkono wa kushoto utanyamaza, na wa kulia utapanda peke yake, sauti moja moja, mpaka kibonyezo cha mwisho. Ndivyo alivyoutaka mwisho wake.

Hosea aliweka spana juu ya msumari wa kwanza wa zile kumi na nne. Akagonga. Tok. Katika kichwa chake kulikuwa na uongo mzuri, umeiva, tayari. Angesema nyuzi hizi za juu ni nyembamba, zikishavutwa hazirudi, hakuna fundi duniani anayeweza. Wangeamini. Wangesikitika, wangeumaliza wimbo katikati, na yeye angeondoka na jina lake. Akiusema ukweli, ungefika mbali. Mama yake Dwight ndiye aliyepiga piano kwa Wamethodisti. Kufikia Jumapili mchana wilaya zote tatu zingejua kwamba Hosea Tidmore anatuni kwa kubahatisha.

Nyuma yake alisikia pumzi za Cleophus, fupi fupi, za mtu anayejitahidi zisisikike.

"Cleophus."

"Nini?"

"Kule juu sisikii."

Akaondoa spana juu ya msumari.

"Sauti kumi na nne. Nasikia mbao zikigonga, waya siusikii. Jana nilikisia."

"Tangu lini?" Cleophus aliuliza.

"Mwaka wa pili huu."

"Mwaka wa pili, na umekuwa ukienda makanisani, unachukua pesa za watu, unakula kuku wao?"

"Nimekuwa nikienda."

"Na mimi? Krismasi ile ya klabu ya Otha, piano ilikuwa safi mpaka juu. Nilipiga juu usiku mzima."

"Ilikuwa Verdell. Alikaa kulia kwangu, akanigusa bega."

Cleophus aligeuza uso. Alikuwa amekasirika kwelikweli, na alikuwa na haki. Rafiki wa miaka thelathini na tisa alikuwa amemficha jambo ambalo angeweza kulibeba naye. Dwight alianza kusema labda waje kesho watafute fundi mwingine kutoka Memphis, na Cleophus akamkatiza.

"Fundi wa Memphis ataleta nini? Ataleta piano ya Memphis." Akaburuta kiti, miguu ya kiti ikalia sakafuni. "Sogea, Hosea. Sogea huko, una makalio kama ya askofu. Mimi si mkeo, bega sikugusi. Nitakwambia kwa mdomo, na ukibisha nakwenda zangu Detroit leoleo."

Hosea akasogea. Wakakaa kiwiko kwa kiwiko kwenye benchi moja. Dwight akapiga utepe pale ambapo, katika nyimbo nyingine, Cleophus alikuwa amepanda juu. Cleophus akasikiliza, akagonga, na Hosea akageuza spana.

"Shusha. Shusha tena. Mno, umepita. Rudi nusu yake. Hapo. Iache."

Kila sauti ya juu ina nyuzi tatu. Kumi na nne mara tatu, nyuzi arobaini na mbili, na kwa kila mmoja Hosea alihisi tu ukinzani wa chuma mkononi na kusikia neno la mwenzake. Alan Thrupp aliketi sakafuni, ameegemea ukuta. Saa mbili zilipita. Karibu na mwisho Cleophus alikuwa hana pumzi ya maneno, akawa anasema "ee" kwa kushusha na "a" kwa kupandisha. Na kwenye kibonyezo cha mwisho kabisa hakusema lolote. Aliweka kiganja chake juu ya bega la Hosea, akakiacha palepale.

Vipaza sauti vilikuwa vikali, vingeweza kunasa hata pumzi za mtu wa pili, kwa hiyo Hosea alitoka mwenyewe kwenda kukaa kwenye ngazi za nyuma, mlango umefungwa. Akasikia malori ya barabarani na mbwa wa jirani. Baada ya dakika kumi mlango ulifunguliwa. Alan Thrupp alitoka. Akainama akamshika Hosea mkono kwa mikono yake miwili, na mikono hiyo ilikuwa imelowa.

"Mara moja tu?" Hosea aliuliza.

"Mara moja," alisema kijana. "Hakukohoa."

Jumapili Lunette aliwapeleka kituo cha basi. Cleophus alikuwa amevaa suti yake ya kupigia, ile ya kijivu, kana kwamba Detroit kuna onyesho. Dereva alipopiga honi Cleophus alisema, "Bado nimekukasirikia."

"Najua."

"Nitamsalimia Verdell." Akapanda, akipumzika kwenye kila ngazi.

Jumatatu Hosea alimwambia Lunette achukue ruhusa kazini. Hakutaka habari imtangulie kila mahali; pengine ilikuwa imeshatangulia, lakini alitaka kuisema kwa mdomo wake. Walizunguka siku tatu. Kila kanisa, kila shule, alipeleka ufunguo wao, akasema maneno yaleyale: masikio yamekwisha, tafuteni fundi mwingine, na piano yenu tangu Novemba haijaguswa na mtu anayesikia. Lunette alisimama kando yake kila mara, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuyajua haya yote. Wengine walimkumbatia mzee. Mwalimu mkuu mmoja alisema kwamba alikuwa akishuku, na huyo Lunette hajamsamehe hadi leo. Mke wa mchungaji wa Mlima Nebo alipokea ufunguo. "Ndugu Tidmore," akasema, "ule wimbo wangu, kosa lilikuwa langu kweli." Kisha akamkaribisha chai.

Akarudi kwenye kusuka viti. Vilikuwa viti vizuri, vya kudumu, na hakuvipenda hata siku moja.

Cleophus alifariki Septemba, katika kitanda kilekile alichowekewa. Albamu ilitoka Machi iliyofuata. Sasa ni miaka mingi, na watu wa huko na huko huitaja kwa heshima kama wanataja mtu wa ukoo. Nimesoma kurasa na kurasa za wataalamu wakieleza sauti ya ile piano, mmoja anasema ni ujanja wa mitambo, mwingine anasema ni hali ya hewa ya mto. Waacheni waandike. Wanalipwa kwa hilo.

Alan Thrupp alituma nakala kwa posta, na Lunette aliifungua Jumamosi mchana, akaiweka kwenye gramafoni sebuleni. Hosea aliketi kwenye kiti alichokisuka mwenyewe, mikono magotini. Alisikiliza nyimbo zote nane, na mara moja alitikisa kichwa na kusema, "Muongo wewe," kwa Cleophus, kwa upendo.

Ukaja wa tisa. Dakika ya saba ikapita, pale kikohozi kilipokuwa, na mkono wa Cleophus haukukatika. Gita likanyamaza. Ngoma ikanyamaza. Mkono wa kushoto ukanyamaza. Ule wa kulia ukaanza kupanda, sauti moja, kisha moja, na Hosea akapanda nao, akizijua moja moja, mpaka akafika mpakani kwake. Hapo rafiki yake akavuka, na yeye akabaki.

"Imeisha?" aliuliza.

"Bado, baba," Lunette alisema. "Bado anapanda."

Hosea akangoja. Alikuwa amegeuza kila msumari wa sauti zile kwa mkono wake, na hakuwahi kusikia hata moja.

"Na sasa?"

"Bado."

Kisha akasikia kitu cha chini, kitu anachokisikia vizuri: sindano imefika mwisho wa santuri, inagonga polepole, inazunguka na kugonga tena. Lunette hakunyanyuka kuiondoa.

"Bado anapiga?" Hosea aliuliza.

"Bado, baba," alisema Lunette.

Hosea akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusikiliza.